Egnogi Iliyoungua kwa Adabu

Ilikuwa siku ya Jumatano, tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, na Verna Hostetter alikuwa ameingiza pua yake ndani ya kopo la kahawa kwa mara ya nne tangu kupambazuka. Alivuta pumzi hadi kifua kikamuuma. Hakusikia harufu yoyote. Alilifunga kopo, akafungua chupa ya siki, akavuta tena. Machozi yalimtoka, pua ikamchoma, lakini harufu yenyewe haikuja. Akairudisha chupa kabatini, akakaa, akainuka, akalifungua tena kopo la kahawa.

Hali hiyo ilimwanzia mwezi wa Oktoba, baada ya mafua makali yaliyomlaza kitandani siku sita. Mafua yalipoondoka yaliondoka na harufu zote za dunia: sabuni ya kufulia, majani makavu yanayochomwa bustanini, hata shati la marehemu mumewe, Royce, ambalo lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango kwa miaka sita. Ulimi ulibaki na kazi chache. Ulijua chumvi, ulijua sukari, ulijua kitu kichungu na kitu kichachu. Lakini mdalasini na vumbi la mbao, kwake sasa, vilikuwa kitu kimoja. Daktari alimwambia kwamba harufu huenda zikarudi baada ya miezi, na huenda zisirudi kabisa. Verna alimshukuru, akavaa koti lake, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Alikuwa na sababu. Kila asubuhi ya Krismasi, kabla ya ibada, watu themanini wa mji wa Tannersburg hukusanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa kula kifungua kinywa. Chakula ni kimoja, hakibadiliki: mkate uliolowekwa ndani ya egnogi, kinywaji kizito cha mayai na maziwa, tangu siku ya mkesha, ukaokwa alfajiri hadi ukaumuka na kuwa wa rangi ya dhahabu. Egnogi ya Tannersburg hupikwa jikoni mwa kanisa, ndani ya sufuria moja kubwa, kwa viini vya mayai, maziwa, krimu, sukari na kungumanga. Na kuna desturi ambayo mama mkwe wa Verna, bibi mmoja mkali aliyeitwa Hulda, aliianzisha zamani: hakuna anayeonja isipokuwa mwenye mwiko. Hulda alisema kwamba wakionja watano, kila mmoja atataka kuongeza lake, na mwisho watu watakunywa supu. Basi mwenye mwiko huonja peke yake, na akiridhika husema, "Krismasi imefika." Akishasema hivyo wanawake humimina juu ya mikate, na hakuna anayeuliza swali.

Verna alikuwa mwenye mwiko kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwahi kuwa mwalimu, wala mke wa mchungaji, wala mwimbaji. Mjini hapo alijulikana kwa ule mwiko. Na alijua vizuri kwamba habari za pua yake zikitoka nje, mwiko ungehamia kwa Lorene Pickard kabla chai haijapoa. Lorene alikuwa jirani yake, rafiki yake na mshindani wake, yote matatu kwa muda wa miaka hamsini, na alikuwa hafichi maoni yake kwamba egnogi ya pakiti kutoka dukani ingetosha kabisa na ingewapa watu nafasi ya kulala.

Kwa hiyo Verna alijizoeza kwa siri. Mwezi mzima wa Novemba alipika egnogi nyumbani kwa kuhesabu na kusikiliza. Kungumanga alikwangua mara kumi na mbili kwa kila jagi. Maziwa aliyasikiliza, kwa sababu maziwa yana sauti: kwanza hunyamaza, kisha huvuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, na kabla tu ya kuchemka ule uvumi hukatika. Uvumi ukikatika, toa sufuria motoni. Alifanya hivyo mara saba. Mara zote saba majirani waliomaliza vikombe vyao walisema ni nzuri sana, naye akaamini kwamba siri yake ingeuvuka mwaka salama.

Saa nne asubuhi wanawake watatu walikuwa jikoni mwa kanisa. Verna alikuwa na mwiko. Lorene alikuwa akikata mikate. Wa tatu alikuwa Joleen Bratt, mama kijana wa watoto wawili, mke wa mfuga nguruwe, aliyepewa kazi ya kutenga viini vya mayai.

Verna hakutulia. Alilifungua jokofu akalifunga. Alizihesabu trei kumi na mbili, kisha akazihesabu tena kuanzia mwisho.

"Mbona huketi, Verna?" Lorene akauliza. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Keti wewe uliyechoka. Mayai hayajichapi yenyewe."

"Yangekuwa ndani ya pakiti, yangekuwa yameshachapwa."

"Pakiti! Siku nitakayowapa watu pakiti, mnizike nayo."

"Tutakuzika nayo," Lorene akasema bila kuinua macho kwenye mkate wake. "Na mrija tutakuwekea."

Joleen alicheka hadi kiini kimoja kikamponyoka, kikaanguka miguuni pake. Ili kuificha aibu yake aliwasha redio iliyokuwa dirishani. Nyimbo za Krismasi zikajaa jikoni, kengele na vinanda na watu mia moja wakiimba kwa pamoja.

Verna alisimama na mwiko mkononi. Alitaka kusema, izime. Lakini angetoa sababu gani? Redio ile iliwashwa kila mwaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyezoea kuimba kwa sauti kuliko wote. Akayamimina maziwa ya moto polepole juu ya viini, akairudisha sufuria motoni, akaanza kukoroga huku ameinamisha sikio.

Alisikia kengele na vinanda. Maziwa hakuyasikia.

Alikoroga. Alidhani amesikia uvumi, kumbe ni besi ya kwaya. Alidhani uvumi umekatika, kumbe wimbo ndio uliokwisha. Alipunguza moto, akauongeza tena, akasogea hatua moja kulia na hatua moja kushoto kama mtu aliyebanwa na kiatu. Mwishowe egnogi ilikuwa nzito kama inavyotakiwa. Aliuinua mwiko, akapitisha kidole mgongoni mwake, na mstari ukabaki bila kufungana. Kwa macho, kila kitu kilikuwa sawa.

Wakati huo mchungaji Krug alianza kushuka ngazi kwa haraka. Kila mwaka mchungaji huyu hushuka akiifuata harufu, akaizunguka sufuria hadi afukuzwe kwa kitambaa. Safari hii alifika ngazi ya mwisho, akasimama. Akainua pua. Akaitazama sufuria, akamtazama Verna, akavitazama viatu vyake mwenyewe.

"Mnafanya kazi nzuri, akina mama," akasema. "Kazi kubwa sana." Kisha akapanda juu kwa haraka.

Verna aliona ajabu kidogo, lakini mwiko ulikuwa unasubiri. Akaonja. Ulimi ukamwambia: tamu, laini, ya moto. Akainua uso. Lorene alikuwa akikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Joleen alikuwa akichunguza dari.

"Krismasi imefika," akasema Verna.

Kimya kikakaa. Hakikuwa kirefu, kilizidi kile cha kawaida kwa pumzi moja tu.

"Haya basi," akasema Lorene. "Tumimine."

Wakamimina. Mikate ikalowa, trei zikafunikwa foili, zikapangwa ndani ya jokofu. Ndipo Joleen, ambaye kwa miaka mitano alikuwa hapotezi nafasi ya kuikwepa sinki, akaikumbatia sufuria kubwa kifuani.

"Nitaiosha mimi, Bi Verna."

"Wewe?"

"Nimejisikia tu kuosha. Wewe nenda nyumbani kapumzike, kesho ni siku ndefu."

Verna alikwenda nyumbani, lakini hakupumzika. Alikipiga pasi kitambaa cha meza, akakipiga tena. Alikaa dirishani akitazama theluji chafu ya barabarani. Ile pumzi moja ya ziada ilikuwa imemwingia kama mchanga kwenye soksi. Kwa nini mchungaji hakuizunguka sufuria? Kwa nini Joleen alipenda kuosha? Saa nane mchana alivaa koti, akachukua ufunguo wa jikoni, akatoka.

Sufuria aliikuta chini ya sinki, imejazwa maji na magadi, imefunikwa taulo kama mtu anavyofunika jambo la aibu. Aliyamwaga maji. Chini kulikuwa na ukoko mweusi kama lami, upana wake kama sahani ya kulia, na juu yake michirizi ya kijiko cha mtu aliyejitahidi sana kusugua.

Alisimama akiutazama ukoko ule. Kwanza alikasirika. Walisikia harufu. Wote walisikia! Harufu ya maziwa yaliyoungua hupita milango, na hao watu walikunja vitambaa na kutazama dari. Kisha hasira ilimwisha, ikamwacha na jambo baya zaidi, kwa sababu aliwajua watu wake. Watu wa Tannersburg wangekula kiatu, mradi kimepakuliwa na mwenyeji. Mwaka mmoja chumvi iliwekwa kwenye kahawa badala ya sukari, watu arobaini wakanywa, na wawili wakaomba kuongezewa. Kesho wangekaa themanini, wangemeza egnogi iliyoungua, wangepangusa midomo na kusema ina ladha ya kipekee. Hakuna ambaye angemwambia neno, wala kesho wala mwaka ujao.

Na hilo ndilo lililomfanya atembee kutoka sinki hadi jokofu, na kutoka jokofu hadi sinki, akigeuka na kurudi. Kama angenyamaza, mwiko ungebaki wake. Adabu ya mji mzima ingemlinda mpaka afe. Alichotakiwa kufanya ni kuirudisha taulo mahali pake.

Alifungua foili ya trei moja. Mkate ulikuwa umeshiba, umevimba, wa kupendeza. Akamkumbuka Eldon Fray, fundi wa saa, mzee asiye na mke wala mtoto, ambaye kila Krismasi hufika wa kwanza na kusimama mlangoni macho yamefumbwa. Mwaka uliopita alimwambia kwamba hiyo ndiyo siku moja tu ya mwaka anapoisikia harufu ya jikoni mwa mama yake.

Verna aliifunga trei. Hakurudisha taulo. Akatoka, akavuka mitaa mitatu kwa miguu, akamgongea Lorene.

"Imeungua," akasema mlango ulipofunguka.

Lorene alikuwa na unga hadi viwikoni. "Nini?"

"Usinifanye mjinga, Lorene. Egnogi."

"Ah, hiyo." Lorene akajifuta mikono kwa aproni. "Kidogo."

"Kidogo? Nimeuona ukoko wake. Unaweza kuezekea nyumba."

"Sawa, imeungua sana. Ilinuka hadi barabarani, mbwa wa jirani akabweka. Umefurahi sasa?"

"Na ukanyamaza!"

"Wewe ndiye uliyesema Krismasi imefika! Ulitaka niseme nini mimi, irudi ilikotoka?"

Verna alitaka kucheka, akakasirika kwa kutaka kucheka. Aliingia bila kukaribishwa, akazunguka meza ya Lorene mara moja, akaizunguka tena. Biskuti za umbo la nyota zilikuwa zimetandazwa juu yake, na kwake zilikuwa kama zimekatwa kwenye kadibodi.

"Sisikii harufu," akasema, mgongo wake umemgeukia mwenzake. "Tangu Oktoba. Sisikii harufu ya kitu chochote, Lorene."

Alingoja mshangao. Haukuja.

"Najua," akasema Lorene.

"Unajua nini?"

"Siku ya Shukrani, mwezi uliopita, nilileta pai ya boga kwako. Ulikula vipande viwili, ukaniambia mdalasini wangu mwaka huu umetulia vizuri. Verna, miaka hamsini hujawahi kuisifu pai yangu! Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilipofika nikajikatia kipande kilichobaki." Akajikung'uta unga. "Nilikuwa nimesahau viungo. Vyote. Boga na sukari, basi. Hata paka aliinusa akaondoka."

"Paka ana adabu kuliko mimi."

"Paka ana pua."

Verna alijitupa kitini, na hapo kicheko kilichokuwa kimebanwa tangu mlangoni kikamtoka, kikachanganyika na kitu kingine hadi akalazimika kujifuta uso kwa ncha ya skafu. Lorene hakumshika bega. Hawakuwa watu wa kushikana mabega. Alimsogezea tu kikombe cha chai ambayo wote wawili walijua haitakuwa na ladha.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Verna.

"Nilikuwa nakungoja uniambie wewe."

"Nami nilikuwa nangoja irudi." Aligeuza kikombe mara mbili bila kunywa. "Ungeuchukua mwiko?"

"Siku ileile," Lorene akajibu. "Nimeutamani miaka thelathini, unafikiri nitakudanganya leo? Lakini sikutaka kuupata namna hii, mwenzangu. Nilitaka siku moja ukubali kwamba mimi napika vizuri zaidi."

"Basi utangoja sana."

"Najua. Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Duka lingefungwa saa kumi na moja. Lorene alimpigia simu Joleen aje kanisani na lori, na wale wawili wakaondoka kwa gari la Lorene, Verna akikanyaga sakafu kila walipokaribia taa, kana kwamba breki zilikuwa upande wake.

Dukani watu walikuwa wameshapita na kufagia kila kitu. Mayai yalikuwepo. Maziwa yalibaki chupa chache. Krimu hakuna. Mikate hakuna, isipokuwa donati za tangu juzi, zimerundikwa kwenye masanduku karibu na mlango. Na pale mwisho wa friji ndefu, pakiti tisa za egnogi zilikuwa zimejipanga, zenye picha ya kibanda na theluji.

Verna alisimama mbele yake. Lorene alisimama kando, akitazama mbele.

"Usiseme neno," akasema Verna.

"Sijasema."

"Uso wako unasema."

"Uso wangu umezaliwa hivi. Nichukue zote tisa, au unataka kwanza kuandika wosia?"

"Chukua. Na mrija usithubutu."

Walipofika kanisani, Joleen alikuwa tayari amezitoa trei zote kumi na mbili na kuzipakia kwenye lori. Alipomwona Verna, mashavu yakamwiva.

"Nisamehe, Bi Verna. Niliusugua ule ukoko kwa kijiko, nikausugua kwa chumvi, haukutoka."

"Ulisikia harufu?"

"Kila mtu alisikia. Mchungaji alidhani jengo linaungua, ndiyo maana alishuka mbio. Alipoona ni wewe, akarudi juu."

"Angeacha kanisa liungue!"

"Kwa heshima yako, nadhani angeliacha."

Trei zilikwenda kwa nguruwe wa akina Bratt. Joleen alisema baadaye kwamba nguruwe walikula zote bila kulalamika, lakini hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu na wao walizaliwa Tannersburg.

Joleen aliporudi na trei zilizooshwa, kazi ilianza upya. Alizikata donati vipandevipande badala ya mikate. Lorene alipasua mayai. Verna aliweka mwiko wake kando ya jiko, akageuka kuelekea dirishani.

"Joleen, zima redio."

Jikoni pakawa kimya. Verna aliyamimina maziwa yaliyopatikana kwenye sufuria safi, akaongeza viini, kisha, akiwa ameyaelekeza macho ukutani, akazimimina pakiti moja baada ya nyingine. Aliinamisha sikio. Ng'ambo ya sufuria Lorene aliinamisha pua. Vichwa vyao vilikaribia kugongana.

"Inanukaje?" akauliza Verna.

"Maziwa tu."

"Na sasa?"

"Maziwa, Verna. Ukiniuliza kila dakika nitapiga chafya humo ndani."

Uvumi ulianza, mdogo, chini kabisa. Verna alikoroga akiufuata. Alitaka kuongeza moto, alitaka kuupunguza, alitaka kutoka nje na kurudi jambo likiwa limekwisha. Uvumi ukapanda. Ukapanda tena. Ukakatika.

"Sasa!" walisema wote wawili kwa pamoja, na sufuria ikatoka motoni.

Aliikwangua mbegu ya kungumanga kwenye kikwangulio kidogo cha bati, akihesabu chinichini. Kisha alichota kwa mwiko, akaupoza kwa pumzi, akaunyoosha kuelekea kwa Lorene. Mkono wa Lorene uliushika. Mkono wa Verna ulichelewa kidogo kuuachia.

Lorene alionja. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

"Sema," akasema Verna.

"Tulia."

"Siwezi kutulia. Sema!"

"Kungumanga haijafika."

Verna akaongeza. Lorene akaonja tena, akatikisa kichwa. Akaongeza tena.

"Inanukaje?" Verna akauliza, na sauti yake safari hii ilikuwa ndogo.

Lorene hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alihangaika. "Kama egnogi."

"Lorene."

"Basi, subiri." Akainama tena juu ya mvuke. "Unaukumbuka ule mwaka theluji ilipotufungia kwa Hulda siku tatu? Royce ameketi mbele ya oveni, ametia miguu ndani, soksi zinatoa moshi, na Hulda anampiga kwa mwiko huuhuu. Hivyo. Inanuka jiko lile, ukiziondoa soksi."

Verna hakusikia harufu. Lakini aliona soksi, za kijivu, zenye kiraka cha kahawia kisiginoni alichokishona yeye. Alishika ukingo wa jiko, na kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ikasimama mahali pamoja.

"Sema maneno basi," akasema.

"Si yangu kuyasema."

"Mwenye mwiko husema. Nani anao?"

Lorene aliutazama mkono wake kama aliyekabidhiwa mtoto wa mtu. Akakohoa. "Krismasi imefika," akasema kwa haraka, kisha akaongeza, "lakini pakiti zimeizidishia sukari, na mwakani nataka krimu."

Asubuhi iliyofuata watu themanini walikaa. Eldon Fray alifika wa kwanza, akasimama mlangoni, akafumba macho, na Verna akamtazama hadi alipoyafumbua. Kabla ya kupakua, Verna aligonga sufuria kwa mwiko. Alisema kwamba pua yake imekufa tangu Oktoba, kwamba chakula cha kwanza kiliungua kikaliwa na nguruwe, kwamba hiki kimepikwa kwa sikio lake na pua ya Lorene, na kwamba ndani yake mna pakiti.

"Kikiwa kibaya, semeni," akamaliza. "Nawaomba. Msinifanyie adabu."

Watu walikula. Walitazamana. Vijiko viligonga sahani. Verna alihama kutoka meza hadi meza, mikono ndani ya aproni, akitafuta uso ambao ungesema kweli.

Mzee Eldon ndiye aliyeinua uma wake. Alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Verna," akasema. "Ni nzuri. Lakini, samahani sana, imepungukiwa na chumvi."

Mtu mmoja aliangusha kikombe. Mchungaji Krug alifumba macho.

"Chumvi!" Lorene akasema kutoka jikoni. "Nani anazungumza habari za chumvi? Nimeonja mara nne!"

Verna alikuwa ameshachota kipande kwenye sahani ya Eldon. Alikitafuna polepole. Harufu hakuna, kungumanga hakuna, jiko la Hulda hakuna. Lakini ulimi, uliobaki na kazi zake chache, ulimwambia jambo moja waziwazi.

"Kweli," akasema. "Chumvi imesahauliwa. Lorene, siku moja utasahau kichwa."

"Ungeonja wewe basi!"

"Nitaonja. Lete chumvi. Na ulete mwiko."

Nawe uliyesoma hadi hapa, usiiache hadithi hii ikalala kwako. Msomee jirani yako anayepika, na umpelekee hasa yule unayekula chakula chake kila siku huku umenyamaza.